Mzee Masila Juu ya Mabati

Siku sola ilipoletwa nyumbani kwa Mzee Masila, mzee alivaa koti. Jua lilikuwa kali hata kuku wamejificha chini ya ghala, lakini yeye alitoka na lile koti lake la kijivu, la harusi na mazishi, akasimama getini kupokea mizigo kana kwamba anapokea wakwe. Mkewe Ndila, aliyekuwa barazani akipepeta ndengu, alimtazama akacheka hadi ungo ukayumba.

"Baba Nzioka, hivyo ni vioo tu. Havitakuamkia."

"Wewe acha," mzee akajibu bila kugeuka. "Mgeni ni mgeni."

Sola ilikuwa zawadi ya Nzioka, mtoto wao wa kwanza, aliyefanya kazi katika kiwanda kule Mavoko. Nguzo za stima zilipita mbali na boma lao, upande wa pili wa korongo, na Nzioka alikuwa amechoka kuwapigia wazazi simu na kuikuta imezimika, imepelekwa sokoni Ndithini kuchajiwa. Aliyekuja kuifunga alikuwa Safiyo, bintiye Shire, mfanyabiashara wa mifugo ambaye Masila amemuuzia mbuzi tangu huyo Safiyo akibebwa mgongoni. Sasa alikuwa amesomea umeme mjini Machakos, na alizunguka Masinga nzima kwa pikipiki, hijabu yake ameibana vizuri chini ya kofia ngumu ya kazi.

Ndila alimpenda papo hapo. Alipenda alivyopanda ngazi bila haraka, alivyogonga mabati kwa ngumi akisikiliza mbao ziko wapi kabla ya kukanyaga, na alivyotia raba chini ya kila skrubu ili mvua isipate pa kupenyea.

"Mama, siwezi kukutobolea paa halafu uanze kupanga sufuria kitandani," Safiyo alisema kutoka juu, na Ndila akaona kwamba huyu ni mtu wa nyumbani.

Kazi ilipokwisha, paneli zimelala juu ya mabati zikitazama kaskazini, Safiyo aliwaita wote wawili sebuleni akawaonyesha kile kisanduku cha ukutani. Taa ya kijani, betri imeshiba. Ya njano, inapungua. Nyekundu, mzime kila kitu mwende mkalale. Kisha akawaambia habari ya vumbi.

"Vumbi likikaa kwa kioo, jua haliingii vizuri. Zioshwe asubuhi mapema, kioo kikiwa bado baridi. Maji matupu na kitambaa laini, si steelwool ya sufuria. Na msizimwagie maji jua likiwa kali, kioo kinaweza kupasuka." Akamgeukia Masila. "Na mzee, wewe hupandi. Tumia ufagio mrefu ukiwa chini, au unipigie simu."

"Mimi? Nisipande kwangu?"

"Hupandi. Mama ameniambia mambo ya kizunguzungu."

Masila alimtazama mkewe kama mshtakiwa anavyomtazama shahidi.

Maisha yake yote ya kazi Masila alikuwa dereva wa greda la barabara. Alipostaafu, shamba lilimkubali lakini yeye hakulikubali. Alikuwa akipalilia mtama huku masikio yako barabarani, na lori likipita alijua gia gani imeingia na ipi imekataa. Sola ilimrudishia kitu. Kila asubuhi, kabla ya chai, alitoka uani, akarudi nyuma hadi kwenye ua wa minyaa ili azione paneli vizuri, akasimama hapo mikono nyuma. Wageni walioleta habari za msiba au za mkutano wa maji walipelekwa kwanza mbele ya kisanduku. Ndila alizoea kusikia sauti yake sebuleni: "Hii inaitwa inveta. Hii ndiyo inageuza umeme. Hapana, usishike."

"Umeoa tena," Ndila akamwambia siku moja, "na huyu umemjengea juu, mimi niko chini."

Alisema kwa mzaha, na mzee alicheka. Lakini mzaha huo ulikuwa na kamwiba. Zamani, giza likiingia, wao wawili walikuwa wakitoa viti nje, wakae wakizungumza mambo yasiyo na kichwa wala miguu: nani kapita, mbuzi yupi anakaribia kuzaa, Nzioka alivyokuwa mtundu akiwa mdogo. Sasa Masila alikaa ndani akiitazama taa ya kijani. Ndila alikuwa na balbu jikoni, redio yake ilizungumza mchana kutwa, na macho hayakumwasha tena kwa moshi. Alishukuru. Ila alikuwa amekosa mtu wa kukaa naye nje.

Kiangazi kikaja. Malori ya mchanga yakaanza kupita mfululizo, na vumbi jekundu likapanda likatua juu ya kila kitu: majani, nguo kambani, mgongo wa ng'ombe. Paneli zikawa na rangi ya udongo. Taa ya kijani ikaanza kuwa njano kabla jua halijatua, na nyekundu chakula kikiwa bado jikoni. Masila alifunga kitambaa kwenye ufagio mrefu akajaribu akiwa chini, akifuta huku shingo imepinda, lakini ufagio ulifika safu ya chini tu. Safu ya juu ilibaki na blanketi lake la vumbi.

Alimpigia Safiyo. Safiyo alikuwa Garissa, harusini kwa binamu yake.

"Nikirudi tu nakuja, mzee. Usipande."

"Nani amesema napanda?"

Ndila aliyasikia hayo mazungumzo, na alimjua mumewe. Mzee alipokwenda kunywesha ng'ombe, yeye aliinua ngazi, akaiburuta kupitia kwenye ua, akampelekea jirani yao Wayua. "Kaa nayo," akamwambia. "Mtu akija kuuliza, hujui ngazi ni kitu gani."

Usiku ule taa ilipozimika, Ndila hakusema neno. Alikuwa akimsukia kiondo Tracy, kitinda mimba wao, aliyekuwa akitarajia mtoto wake wa kwanza, na kiondo hicho alikitaka kiwe tayari kabla ya mtoto. Akaitoa koroboi chini ya kabati, akaipangusa vumbi, akaiwasha, akaendelea kusuka huku akikohoa kidogo kidogo. Masila alimtazama kutoka kitini, akaenda kulala bila kusema usiku mwema.

Siku ya soko Ndila alijitwisha ndengu zake, akaondoka mapema. Zilinunuliwa vizuri, akamaliza kabla ya alasiri, akashika njia ya nyumbani kwa miguu. Alikuwa hajafika kwenye mteremko wa korongo alipokutana na Khadar, kijana anayenunua mbuzi pamoja na Shire, akija na pikipiki kutoka upande wa kwao. Khadar alisimama, akaondoa kofia.

"Mama Nzioka, habari ya soko?"

"Nzuri, mwanangu. Umetoka kwetu?"

"Ndiyo. Nilienda kuona yule beberu mnayemuuza." Akasita. "Mama, mzee ni mzima kweli?"

"Kwa nini?"

"Nimepiga hodi, sauti inajibu kutoka mbinguni. Kuangalia hivi, mzee yuko juu ya nyumba, amejifunika shati kichwani. Nikamwambia, baba shuka tuongee bei. Akasema hapana, siku hizi yeye anafanyia biashara huko juu, hewa ni safi. Tumeongea mpaka shingo imeniuma. Nikaona nimwache."

Ndila alicheka. Alicheka hadi akashika goti, akimwona mumewe huko juu akijifanya bwana mkubwa. Kisha akakumbuka kwamba ngazi iko kwa Wayua.

"Ngazi uliiona?"

Khadar akafikiri. "Sikuona ngazi ukutani. Nilifikiri amepanda na mti."

"Hakuna mti. Geuza pikipiki."

Ndila alikuwa ameapa mbele ya akina mama wote wa kanisa kwamba hatapanda boda boda maishani. Siku hiyo alikaa nyuma ya Khadar, kikapu kifuani, na kila jiwe walilolipita alilihisi kwenye meno. "Ongeza mwendo," akasema.

Ngazi ilikuwa imelala uani, na ng'ombe mwekundu, aliyekata kamba tena, alikuwa amesimama juu yake akitafuna kwa amani. Hapakuhitajika mtu wa kueleza. Alikuwa amekuja kujikuna shingo kwenye ngazi, kama alivyojikuna kwenye kila kitu pale nyumbani, na ngazi ikaenda chini. Juu, kando ya paneli zilizong'aa kama maji ya mtungini, alikaa Mzee Masila, magoti yamekunjwa, shati kichwani, ndoo tupu pembeni.

"Umerudi mapema," akasema.

"Nimerudi mapema! Aiya! Umekaa huko tangu saa ngapi?"

"Si sana."

Wayua alikuwa tayari ametokea kwenye ua, mikono kichwani. "Mama Nzioka, aliniambia wewe ndiye umemtuma aichukue! Alisema unataka kushusha maboga!"

"Maboga gani, kiangazi hiki?"

Khadar alikuwa keshaisimamisha ngazi, akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. "Mzee, nakuja kukushika."

"Usipande!" sauti ikatoka juu kwa ukali ambao Ndila hakuutarajia. "Mtu yeyote asipande hapa!"

Ndila alimtazama vizuri. Aliona mkono mmoja wa mumewe umeng'ang'ania chuma cha paneli, hauachi. Akaelewa. Akamgusa Khadar begani.

"Mwanangu, beberu hukumwona vizuri. Nenda nyuma umwangalie meno. Nawe Wayua, niwekee maji ya chai motoni."

Khadar alikuwa mtu mwenye adabu. Alikwenda zake kumtazama meno beberu ambaye alikuwa amekwisha kumtazama meno. Wayua akaingia jikoni, ingawa dirisha la jikoni lilikuwa wazi.

"Huwezi kushuka?" Ndila akauliza kwa sauti ya chini.

"Naweza. Sitaki tu."

Mabati yakalia kwa joto.

"Miguu imekataa, Ndila," akasema. "Nikiangalia chini, nyumba inazunguka."

Mzee hakumwita kwa jina lake ila palipokuwa na jambo zito. Siku zote alikuwa Mama Nzioka. Ndila alitua kikapu, akafunga leso kiunoni akaikaza, akatia chupa ya maji kifuani, akashika ngazi. Hakuwa amepanda kitu chochote tangu alipokuwa msichana wa kuiba mapera. Ngazi ilitikisika, lakini akaendelea. Alipofika ukingoni akasikia sauti ya mumewe, laini, ikimwongoza: "Kanyaga penye misumari. Mbao ziko chini ya misumari. Hapo. Sasa njoo pole pole."

Akafika. Akaketi kando yake kwa kishindo kilichomfanya Wayua apige yowe jikoni. Akampa maji. Masila akanywa chupa nzima bila kupumua.

Jua lilikuwa limeanza kuinama, na upepo ulipita juu ya mabati, upepo ambao chini haukuwapo. Ndila aliinua macho akaona boma lake kama hajawahi kuliona. Tangi, ghala, njia aliyoikanyaga kila siku ya ndoa yake ikijipinda kama uzi wa mkonge ulioanguka. Na mbali, kati ya vilima viwili, kitu kilichometameta.

"Kile ni nini?"

"Si ni maji ya dam."

"Bwawa la Masinga? Linaonekana kutoka hapa?"

"Mimi nimekaa nikiiangalia mchana wote," mzee akasema. "Nilitaka kukuambia. Lakini ningekuambiaje bila kukuambia nilipanda?"

Ndila akajizuia kucheka. Alitaka kwanza kuwa na hasira, maana hasira ilikuwa haki yake. "Masila, ungeanguka. Ningerudi na unga na sukari nikukute pale chini umelala na ng'ombe amekusimamia. Kwa sababu ya taa! Kioo kimekuwa kizuri kuliko mimi?"

Mzee akageuza uso upande wa paneli.

"Uliitoa ile koroboi," akasema.

"Koroboi?"

"Nilikuona. Unakohoa na kiondo cha mtoto mikononi. Nzioka alipouliza tunataka nini, jokofu au televisheni, mimi nilimwambia hapana, nataka mama yako asivute moshi tena. Nilimwambia hivyo. Sasa taa inazimika, na wewe husemi kitu, unainama unaitoa kwa kabati kama mtu aliyejua tu kwamba haitadumu." Akapangusa chuma cha paneli kwa kiganja. "Ungelalamika ningelala vizuri. Lakini ulinyamaza."

Ndila alikuwa amedhani mumewe hukaa akiitazama taa ya kijani kwa mapenzi ya mashine, kama alivyolipenda lile greda. Hakuwahi kuwaza kwamba alikuwa akiilinda. Akanyoosha mkono, akamwondolea lile shati kichwani, akamfuta nalo vumbi usoni, kwenye paji, kwenye mikunjo ya macho, polepole.

"Wewe mzee ni mjinga," akasema.

"Najua."

"Hata kuniambia?"

"Ningekuambia ungesema nisipande."

Hapo kicheko kilimshinda. Kikawashinda wote wawili, wakacheka wameshikana mikono juu ya mabati, na huko nyuma ya zizi beberu akalia kana kwamba naye ameambiwa.

Kushuka ndiko kulikokuwa kazi. Khadar aliitwa akaishika ngazi kwa mikono miwili, na kwa heshima akageuza uso wake kabisa upande wa mbuzi. Ndila alitangulia, akasimama kwenye vipandio chini ya mumewe, kifua chake kikizuia magoti ya mzee yasirudi nyuma.

"Usiangalie chini. Angalia ukuta. Nipe mguu wa kushoto." Akaushika kwa kifundo, akauweka kwenye kipandio. "Hapo. Umefika. Sasa wa kulia."

"Uko hapo?"

"Niko hapa. Wa kulia, nimesema."

Walishuka hivyo, kipandio kwa kipandio, yeye akimpanga miguu kama mtoto anayejifunza viatu. Walipogusa ardhi, Masila aliegemea ukuta, akapumua, akajipangusa suruali, kisha akamgeukia Khadar.

"Sasa," akasema, "habari ya yule beberu."

Khadar akainamisha uso asionekane akitabasamu. "Mzee, leo ukae unywe chai. Beberu nitakuja kumuulizia siku nyingine."

Jioni ile taa iliwaka hadi Ndila akachoka kusuka mwenyewe. Na alipotoa kiti chake nje kupunga upepo, alisikia kiti cha pili kikiburutwa nyuma yake.

Safiyo aliporudi kutoka Garissa habari zilikuwa zimemfikia, maana Khadar alikuwa amezisimulia kote sokoni kwa mapenzi na kwa chumvi. Aliingia uani na hina ya harusi bado mikononi, akasimama mbele ya Masila, mikono kiunoni.

"Mzee, tulikubaliana nini?"

"Ng'ombe ndiye mwenye makosa," mzee akasema.

"Ng'ombe hakupanda."

Masila akaomba apewe sukari zaidi kwenye chai. Safiyo alipanda, akakagua nyaya, akakaza skrubu moja iliyolegea, akasifu kazi ya kuosha, jambo lililomfanya mzee akae wima. Alipotaka kuanza kuwapangia siku atakazokuwa akija, Ndila akamkatiza.

"Nifundishe mimi."

"Wewe, mama?"

"Nilipanda nikashuka. Na sina kizunguzungu."

Safiyo alimtazama kuanzia leso hadi raba za miguuni, akaona hatanii. Akamfunza kutwa. Akamfungia ngazi kwa kamba kwenye vyuma alivyovipigilia ukutani, isiweze kuangushwa na ng'ombe wala upepo. Akamwonyesha jinsi ya kuvaa mshipi wa kujifunga na mahali pa kuukamatisha, jinsi ya kumwaga maji kutoka juu yateremke na vumbi, jinsi ya kuangalia waya uliotafunwa na panya. Chini, Masila alishika ngazi ambayo haikuhitaji kushikwa, akitoa maagizo.

"Bado kona ile! Kushoto! Si hiyo kushoto, kushoto kwangu!"

"Baba Nzioka," Ndila akaita kutoka juu, "greda lilikuwa lako. Hii ni yangu."

Mzee akaishika ngazi kwa nguvu zaidi.

Kiangazi kilikuwa bado hakijakatika Wayua alipokuja na ombi lake. Kwake pia kulikuwa na paneli, ndogo, ambayo haikuwa imeguswa tangu kufungwa, na taa yake ilikuwa imebaki kama jicho la mgonjwa. Je, Mama Nzioka angeweza? Ndila akasema angeweza, kesho asubuhi kabla jua halijapanda.

Asubuhi yake akatoka na ndoo, kitambaa na mshipi. Mlangoni akamkuta Masila amekwisha kufungua ngazi ukutani na kuibeba begani, na amevaa lile koti la kijivu.

"Na hilo koti?"

"Tunaenda kazini kwa watu," akasema, akampisha njia.

Ndila akatangulia. Nyuma yake, kwenye njia nyembamba kati ya minyaa, alimsikia mumewe akipaza sauti kwa furaha ili Wayua awafungie mbwa: "Fundi anakuja! Fundi yuko njiani!"